MUZIKI KWA MTOTO MDOGO: FUNZO KUTOKA KONDOA

(Haya ni matini kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa wazazi, walezi na walimu wa skuli za maandalizi. Yanatolewa hapa kwa faida ya wananchi wote.)



Swali linaloulizwa mara kwa mara na wazazi ni hili: mtoto aanze kusomeshwa muziki akiwa na umri gani? Wapo wanaojibu kuwa aanze akishajua kusoma. Wapo wanaosema asubiri mpaka vidole vyake viweze kukamata udi, fidla au kinanda. Wapo pia wanaoona kuwa hakuna haja ya kuanza, kwa kuwa skuli ya kijijini haina ala wala mwalimu wa fani hiyo. Majibu yote matatu yana upungufu mmoja. Yanauchukulia muziki kuwa ni kitu kilichomo ndani ya ala, na mtoto kuwa ni mtu anayengoja kukabidhiwa kitu hicho.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba somo la kwanza la muziki ni sauti ya yule anayemlea mtoto, na kwamba darasa la maandalizi lina wajibu wa kuliendeleza somo hilo badala ya kulikatiza. Mfano utakaotumika ni wa Kondoa, kwa sababu huko jambo lenyewe linaonekana kwa uwazi mkubwa.

Kondoa ni wilaya ya Mkoa wa Dodoma, katika uwanda wa juu wa Tanzania Bara, kiasi cha kilomita 160 kaskazini ya mji wa Dodoma. Mwananchi wa Unguja au Pemba akifika huko hataona bahari wala mkarafuu. Ataona milima ya Irangi, makorongo ya mchanga, na mashamba ya uwele, mtama na alizeti. Hata hivyo atakuta mengi aliyoyazoea: adhana, watoto wanaokwenda chuoni kusoma Kurani, na Kiswahili kinachosikika sokoni kote. Warangi, ambao ndio wengi wilayani, kwa sehemu kubwa ni Waislamu, na mji wa Kondoa ulikuwa kituo cha misafara ya biashara katika zama zilizopita.

Jambo la pekee la eneo hilo ni lugha zake. Katika Kondoa, pamoja na Wilaya ya Chemba iliyomegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na majirani zao, hukutana makundi yote manne ambamo wanaisimu wamezoea kuzigawa lugha za Afrika. Kirangi ni lugha ya Kibantu. Kiburunge na Kialagwa ni za Kikushi. Kidatoga ni ya Kiniloti. Kisandawe kina sauti za kidoko, zile zinazotolewa kwa kubandua ulimi, na kwa muda mrefu kimewekwa katika kundi la Khoisan, ingawa udugu wake na lugha nyengine za kundi hilo ungali unajadiliwa. Katika miamba ya Kolo na sehemu za jirani ipo michoro ya kale iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya wataalamu wamezifasiri picha kadhaa za huko kuwa ni za watu walio katika ngoma za tiba. Ni nchi ambayo watu wake wameimba kwa muda mrefu sana, na kwa ndimi nyingi.

Katika nchi ya namna hiyo mtoto hakupelekwa kwa mwalimu wa muziki. Alikulia ndani yake. Akiwa mgongoni mwa mama, alisikia wimbo wa kutwanga na akauhisi mchi ukipanda na kushuka kupitia mwili wa mama mwenyewe. Akibembelezwa na bibi yake, alilisikia jina lake ndani ya wimbo. Alipoanza kusimama, aliachwa pembeni mwa ngoma ayumbeyumbe apendavyo, na hakuna aliyemwambia kuwa amekosea. Alipojua maneno machache, aliitikia pale wanapoitikia wote. Baadaye alipiga kopo au kibuyu pamoja na wenzake. Mwisho, yule aliyejaaliwa kipaji alianza kuongoza, akawa manju wa rika lake.

Yafaa hatua hizo zihesabiwe, kwani ni mtaala kamili: kusikia, kuyumba, kuitikia, kupiga na kuongoza. Hakuna hatua iliyorukwa, na hakuna mtoto aliyetolewa nje kwa kuambiwa kuwa hana sauti.

Elimu ya kisasa imeupa mpangilio huo nguvu. Inajulikana kwamba mtoto husikia tangu miezi ya mwisho ya mimba, na uchunguzi uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1980 ulionyesha kuwa mtoto wa siku chache tu huipendelea sauti ya mama yake kuliko ya mwanamke mwengine. Inajulikana pia kuwa mtoto aliye chini ya miaka minne kwa kawaida hawezi kufuata kwa uthabiti mdundo anaopigiwa na mtu mwengine, ila hupiga kwa mwendo wake mwenyewe. Kwa hiyo kumkemea mtoto wa miaka mitatu kwa kutoka nje ya mdundo ni kumkemea kwa kuwa na miaka mitatu. Sauti yake nayo ni fupi: wimbo unaomfaa ni ule wenye noti tano au sita zilizo karibu karibu, usiomlazimisha kupiga kelele juu wala kunguruma chini. Nyimbo nyingi za kubembelezea na za michezo ya watoto zimejengwa hivyo hivyo, bila ya mtunzi wake kusoma kitabu chochote.

Wataalamu wa nchi za nje walifika penye ukweli huo kwa njia zao. Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyeishi kati ya mwaka 1882 na 1967, alishikilia kuwa mtoto aanze kwa kuimba kabla ya kushika ala, na kwamba nyimbo za kwanza ziwe za lugha aliyonyonya kwa mama yake. Shinichi Suzuki wa Japani, aliyefariki mwaka 1998 akiwa na umri wa miaka 99, alitambua kuwa kila mtoto hujifunza lugha ya nyumbani kwake bila ya kushindwa, akaijenga njia yake ya kusomesha fidla juu ya mambo matatu: kusikiliza sana, kurudia sana, na mzazi kuwemo ndani ya somo. John Blacking, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya nyimbo za watoto wa Wavenda wa Afrika Kusini, alionyesha kwamba nyimbo hizo zina nasaba na muziki wa watu wazima wa jamii ile. Yote hayo bibi wa Kondoa aliyatenda bila ya kuyaandika.

Mabibi na Mabwana,

Tatizo lipo wapi, basi? Tatizo limeletwa na jambo jema. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiweka rasmi elimu ya awali Tanzania Bara kwa watoto wa miaka mitano na sita. Sera ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu hiyo kuwa wa lazima, na kuanzia mwaka 2016 ada ziliondolewa, watoto wakaandikishwa kwa wingi. Visiwani, Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliiingiza elimu ya maandalizi katika elimu ya lazima. Hakuna mzazi mwenye busara atakayetaka kurudi nyuma. Lakini mtoto anayetoka nyumbani asubuhi akiwa na miaka minne au mitano huondolewa, katika saa zake bora, kwa wale waliokuwa wakimwimbia. Akifika darasani anakuta watoto wengi na mwalimu mmoja, ambaye pengine ametoka mkoa mwengine na haijui lugha ya kijiji. Mwalimu huyo ana nyimbo zake tatu au nne za kuhesabu na za kutaja viungo vya mwili. Zina faida, lakini ni zile zile mwaka mzima, na ni zile zile nchi nzima.

Jioni nayo imebadilika. Barabara ya lami kutoka Dodoma kupitia Kondoa hadi Babati ilifunguliwa mwaka 2018, na simu za mkononi zimefika vijijini. Bidhaa, wageni na muziki wa kila aina hupita kwa wepesi. Hilo ni maendeleo. Ila simu humwimbia mtoto bila ya kumsikiliza. Haijui kama ameitikia au amenyamaza, na haiwezi kupunguza mwendo ili imngoje.

Dkt. Kedmon Mapana amelichunguza jambo hili kwa Wagogo, majirani wa Warangi na Wasandawe, na ameeleza jinsi muziki anaoulea mtoto nyumbani unavyoachana na ule anaoukuta skuli. Ni Wagogo hao hao waliomtoa Marehemu Dkt. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuifikisha sauti ya zeze na marimba za Dodoma kwenye majukwaa ya dunia. Zawose alifundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, lakini chuo hicho kilianzishwa mwaka 1981, wakati yeye ni mtu mzima na fundi aliyekwisha kukamilika. Msingi wake uliwekwa nyumbani. Yafaa kujiuliza fundi wa kesho atawekewa wapi msingi wake, ikiwa nyumbani hakuimbwi na skuli hakuimbwi.

Kwa Kondoa suala hili lina uzito wa ziada. Kirangi na Kisandawe ni lugha za toni, yaani kupanda au kushuka kwa sauti huweza kulibadilisha neno maana yake. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Mahadhi ya wimbo katika lugha za toni mara nyingi huchunga mapando na mashuko ya maneno. Mtoto aliyekulia katika lugha hizo huingia darasani akiwa na sikio lililokwisha kufunzwa kuzipambanua sauti kwa makini. Wimbo wake ukifasiriwa kwa Kiswahili maneno hubaki, lakini kazi ya sikio lile hupotea. Kisandawe husemwa na makumi ya maelfu ya watu tu. Kizazi kimoja cha watoto wasioimbiwa kinatosha kuitia lugha kama hiyo mashakani, na nyimbo ndizo huanza kusahauliwa.

Lugha ya kusomeshea itabaki kuwa Kiswahili, na hilo halina ubishi. Dakika kumi za wimbo wa bibi haziigusi sera hiyo. Zinampa mtoto ujumbe kwamba kile anachokijua kutoka nyumbani kina thamani mbele ya mwalimu.

Visiwani upo uzoefu unaoweza kuwafaa ndugu wa Kondoa. Kituo cha Madrasa kilichoanza kazi Zanzibar mwaka 1990 kiliwafunza akina mama wa vijijini kuwa walimu wa watoto wadogo, kwa kutumia vifaa vya hapo hapo kijijini pamoja na nyimbo za Kiswahili na za dini. Kutoka mwaka 2006 vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, maarufu kwa jina la TUTU, viliwafikia watoto wa vijiji visivyo na skuli za maandalizi, na nyimbo na michezo ilikuwa ndiyo njia ya kufundishia. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofungua milango mwaka 2002, kimesomesha udi, kanuni, ngoma na fani nyengine kwa vijana na watu wazima. Hizo ni ngazi tatu za nyumba moja. Anayeanzia ngazi ya tatu huhangaika. Aliyepita ya kwanza hupanda kwa urahisi.

Kabla ya kutoa nasaha, yapo mambo manne yanayohitaji hadhari.

La kwanza ni imani za wazazi. Wapo wazazi, Kondoa na Visiwani, wasioridhia watoto wao kusomeshwa ala za muziki. Rai yao iheshimiwe, na mtoto asilazimishwe. Aidha ikumbukwe kuwa kaswida za chuoni, makofi, na dufu pale linapokubaliwa, humfunza mtoto kusikiliza, kuitikia na kwenda pamoja na wenzake. Kwa familia za Kikristo, kwaya za watoto hufanya kazi hiyo hiyo.

La pili ni nyimbo zenyewe. Si kila ngoma ya wakubwa inamfaa mtoto. Zipo za jando na unyago, zipo za tiba, na zipo zenye maneno ya faraghani. Wenye kujua tofauti hiyo ni wazee, na ndiyo maana uchaguzi usifanywe na mwalimu peke yake.

La tatu ni kelele. Sikio la mtoto ni laini na likiharibika halirudi. Katika sherehe za skuli watoto wadogo wasikalishwe mbele ya spika kubwa.

La nne linahitaji kusemwa kwa uwazi. Katika skuli nyingi mtoto hufundishwa kuimba kwa sababu moja tu, nayo ni kuja kwa mgeni rasmi. Hufanyishwa mazoezi wiki mbili, husimamishwa juani tangu asubuhi, huimba beti mbili za kumsifu mgeni, na baada ya hapo wimbo huo haurejewi tena. Wale wenye sauti ndogo huambiwa wafungue midomo tu bila ya kutoa sauti. Heshima kwa mgeni ni mila njema, lakini hilo si somo la muziki. Mtoto aliyeambiwa afunge sauti yake akiwa na miaka mitano huenda asiifungue tena. Afundishwe kwa ajili yake mwenyewe; mgeni akija, atakuta watoto wanaojua kuimba.

Kwa kuzingatia hayo yote, walimu na wazazi wanapendekezewa mambo yafuatayo:

1. Muziki uwe wa kila siku na uwe mfupi. Dakika kumi mpaka kumi na tano kila asubuhi zina faida kuliko saa nzima siku ya Ijumaa.

2. Mwalimu aanze kwa sauti yake, hata kama haina uzuri. Mtoto haitafuti sauti nzuri. Anatafuta uso wa mtu anayemwimbia. Wimbo uanzishwe kwa sauti iliyo ya wastani kwa mtoto, si ile iliyo nyepesi kwa mwalimu wa kiume.

3. Hatua tano zifuatwe kwa zamu yake. Wa miaka mitatu asikie na ayumbe. Wa minne aitikie. Wa mitano na sita apige makofi, kayamba au kopo, na apewe nafasi ya kuongoza wenzake japo kwa mstari mmoja. Masomo ya ala kama zeze, marimba au udi yangoje vidole vipate nguvu, nayo yaanze kwa mtoto aliyeonyesha hamu.

4. Kila skuli ya maandalizi imwalike mzee mmoja, hasa bibi, asubuhi moja katika kila wiki. Aimbe, na watoto waitikie. Kamati ya skuli imtengee ahsante yake, kwani naye ni mwalimu.

5. Nyimbo za lugha zote za kijiji zipewe zamu. Mtoto wa Kirangi akiitikia wimbo wa Kisandawe, na wa Kisandawe akiitikia wa Kiburunge, watakuwa wamejifunza ujirani kabla ya kulijua neno lake.

6. Mwalimu amwangalie yule asiyeitikia. Pengine ana haya, na haya hutoka. Pengine hasikii. Mtoto mwenye uziwi mdogo huweza kukaa darasani miaka miwili akidhaniwa kuwa ni mzito wa kufahamu. Asiyegeuka wimbo unapoanzishwa nyuma yake apelekwe kituo cha afya akapimwe masikio. Hili pekee linatosha kuipa nafasi nyimbo katika ratiba.

7. Mzazi asiliachie darasa peke yake. Wakati wa kumwogesha mtoto, kumlaza na kumsuka ni vipindi vya muziki visivyo na gharama.

Ndugu wazazi na walimu,

Haiahidiwi hapa kwamba muziki utamfanya kila mtoto awe hodari wa hesabu; wanaoahidi hivyo huahidi kupita kiasi. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mtoto anayeimba na wenzake hujifunza kusikiliza kabla ya kujibu, kungoja zamu yake, na kujua kuwa sauti yake ina mahali pake katika kundi. Hayo ni mahitaji ya skuli na ya maisha.

Kondoa ina ushahidi wa namna kilichoharibika kinavyoweza kurejea. Ardhi yake ilikuwa imeliwa na mmomonyoko mpaka ikawa makorongo matupu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika sehemu zilizoathirika zaidi. Ulikuwa uamuzi mzito kwa wafugaji, lakini majani na miti vilirudi pale palipokuwa mchanga mtupu, kwa sababu mizizi na mbegu zilikuwa zingali zimo ardhini. Nyimbo za watoto nazo mbegu zake zingali zimo, katika vifua vya mabibi walio hai leo. Hazihitaji mradi mkubwa wala fedha nyingi. Zinahitaji mwalimu atoke darasani, avuke njia, abishe hodi kwa bibi jirani na kumwambia kuwa watoto wanamngoja.